Mvua, Mgao na Soko: Dhana za Mifumo ya Asili katika Mikakati ya Biashara Ndogo za Rubondo na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna dhana tatu za ikolojia, yaani utofauti wa miitikio, nafasi ya kiikolojia na ukaaji wa kufaidiana, zinavyoweza kusaidia kuunda mikakati ya biashara ndogo katika kanda ya Rubondo, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na katika uhusiano wake na soko la Mbarara. Hoja inayotetewa ni kwamba biashara nyingi zinazoonekana tofauti huchota maji katika kisima kimoja, na kwamba mkakati unaopima utofauti kwa majina ya biashara, badala ya vyanzo vya fedha za wateja, humpotosha mfanyabiashara na mfadhili wake. Aidha, makala yanaonya dhidi ya kuitumia lugha ya asili kama kisingizio cha kuondoa msaada.

1.0 Utangulizi

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na leo yanahifadhi watu zaidi ya 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Yako katika Wilaya ya Isingiro, takriban kilomita 200 kutoka Kampala, na yamegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. (Msomaji asiichanganye Rubondo hii na kisiwa cha jina hilo katika Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania.) Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Huko ndiko bidhaa za dukani zinakotoka, na huko ndiko mahindi na maharage ya Nakivale yanakokwenda.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufanya biashara na kusafiri. Kwa hiyo Nakivale si kambi iliyozungukwa na seng'enge, bali ni uwanda wa mashamba, vijiji na masoko. Utafiti wa Alexander Betts na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliochapishwa mwaka 2014 na uliohusisha Nakivale, Kyangwali na Kampala, ulivunja dhana kwamba mkimbizi ni mpokeaji tu. Kwa upande wa Kampala, walionesha kwamba asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kwamba asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda.

Tangu matokeo hayo yatoke, mafunzo ya ujasiriamali yameenea katika makazi. Mshiriki hufundishwa kuandika mpango wa biashara, kukadiria mauzo ya miaka kadhaa na kutafuta wateja wapya. Ni mafunzo yenye manufaa, lakini yamebeba taswira fulani ya dunia: kwamba mazingira ya biashara yametulia kiasi cha kukadirika na kwamba kukua ndiko kufanikiwa. Mazingira ya Rubondo hayajatulia. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa chakula na fedha kwa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30. Februari 2021 punguzo likafikia asilimia 40. Mwaka 2023 kaya zikaanza kupangwa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji, na Mei 2025 shirika hilo likatangaza kwamba wakimbizi milioni 1 nchini humo wameondolewa katika msaada wa chakula. Mpango wowote wa biashara ulioandikwa Rubondo mwaka 2019 ulikuwa umepitwa na wakati kabla ya mwaka mmoja kwisha. Swali la makala haya ni kama ikolojia, taaluma iliyozoea ukame, mafuriko na moto, ina mkakati bora zaidi wa kutufundisha.

2.0 Dhana na historia yake kwa ufupi

Neno mfumoikolojia, katika umbo lake la Kiingereza, liliasisiwa na Arthur Tansley mwaka 1935. Kuvuka kwake kwenda katika taaluma ya biashara kulichukua miongo. Michael Hannan na John Freeman waliandika mwaka 1977 kuhusu ikolojia ya idadi ya mashirika, wakidai kwamba mashirika hubadilika polepole mno, hivyo mara nyingi soko huchagua yatakayobaki badala ya mashirika yenyewe kujirekebisha. James Moore, mwaka 1993, aliitazama kampuni kama kiumbe kinachoishi ndani ya jumuiya ya wasambazaji, wateja na washindani. Janine Benyus, mwaka 1997, alieneza wazo la kuiga viumbe katika ubunifu. Hata hivyo, kwa hoja ya makala haya aliye muhimu kuliko wote ni C. S. Holling. Mwaka 1973 alitofautisha uthabiti, yaani uwezo wa kurudi haraka katika hali ya awali, na ustahimilivu, yaani uwezo wa mfumo kupokea mshtuko bila kupoteza mahusiano yanayoufanya uwe mfumo huo. Mfumo unaweza kuwa thabiti sana katika mwaka wa kawaida na ukavunjika kabisa katika mwaka usio wa kawaida.

Kabla ya kuendelea, tahadhari moja. Jengo la Eastgate la Harare, lililokamilika mwaka 1996 chini ya msanifu Mick Pearce, husifiwa kila mahali kwa kuiga kichuguu: eti hewa ya moto hupanda juu na kutoka kama kwenye dohani, na kiota hubaki baridi. Mwaka 2008 Scott Turner na Rupert Soar walionesha kwamba kichuguu hakifanyi kazi hivyo. Kinafanana zaidi na pafu, kikibadilishana hewa kwa msukumo wa upepo unaobadilika-badilika. Jengo ni zuri na linaokoa umeme, lakini taswira iliyolizaa ilikuwa na kosa. Wahandisi wa Harare walikuwa na vipimajoto vya kuwasahihisha. Mshauri wa biashara anayesema “tuige msitu” kwa kawaida hana.

3.0 Kisima kimoja, ndoo nyingi

Isingiro imo katika ukanda wa wafugaji wa Uganda, eneo lenye mvua haba kuliko sehemu nyingi za nchi. Mvua huja kwa vipindi viwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi mwishoni mwa mwaka. Mimea ya uwandani imejipanga kwa namna mbalimbali kukabili hali hiyo. Ipo inayochipua, kuchanua na kutoa mbegu ndani ya wiki chache, kisha hufa. Migunga huzamisha mizizi mbali na kuchota maji ambayo nyasi haziyafikii. Mafunjo ya ukingoni mwa Ziwa Nakivale hukaa katika ardhioevu ambayo huyapokea maji ya mvua, huyashikilia na kuyaachia taratibu. Bwawa hilo na mengine jirani, pamoja na Ziwa Mburo, yalitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Katika soko la makazi, fedha nazo zina misimu. Kuna mavuno mawili kwa mwaka, na kwa miaka mingi kulikuwa na siku ya mgao. Siku hiyo, na siku chache baada yake, madeni ya dukani hulipwa, nyama huuzwa, nywele husukwa, simu hutiwa salio. Kisha soko hunywea hadi mgao mwingine. Anayeuza chapati, mwenye saluni, mwendesha bodaboda, wakala wa pesa za simu na fundi cherehani wanafanya kazi tano tofauti. Kwenye orodha ya mradi wa maendeleo wangehesabiwa kama ushahidi kwamba uchumi wa Rubondo una utofauti. Lakini ikiwa wateja wao wote hulipa kwa fedha za mgao, hao ni mimea mitano yenye mizizi ya kina kimoja.

Wanaikolojia wana jina la jambo hili. Thomas Elmqvist na wenzake, mwaka 2003, walisisitiza kwamba ustahimilivu hautokani na idadi ya spishi peke yake, bali na utofauti wa miitikio: spishi zinazofanya kazi moja katika mfumo, lakini zinazoitikia mshtuko kwa namna tofauti. Wachavushaji kumi wanaokufa wote kwa baridi ile ile ni sawa na mchavushaji mmoja.

Ili kuliona jambo hili kwa hesabu, tuchukue mfano wa kufikirika wa wenye maduka wawili. Wa kwanza hupata faida ghafi ya shilingi 300,000 kwa mwezi, ambapo 240,000 hutoka kwa wateja wanaotegemea mgao. Gharama zake zisizobadilika, yaani pango, rejesho la mkopo na mshahara wa kijana mmoja, ni 190,000. Hivyo hubakiwa na 110,000. Wa pili hupata 200,000: shilingi 80,000 kwa wateja wa mgao, 70,000 kwa kuwakusanyia mahindi wanunuzi wa Mbarara, na 50,000 kwa walimu na wahudumu wa afya wenye mishahara. Gharama zake ni 120,000, naye hubakiwa na 80,000. Katika mashindano ya mipango ya biashara, wa kwanza ndiye angepewa zawadi. Sasa tuseme mgao umepunguzwa nusu na matumizi ya wateja hao yameshuka kwa kiwango hicho hicho. Wa kwanza anapoteza 120,000 na kuingia hasara ya 10,000 kila mwezi. Wa pili anapoteza 40,000 na bado ana 40,000 mkononi. Mgao ukiondolewa wote, wa kwanza ana hasara ya 130,000. Wa pili anagota pale pale, bila faida wala hasara, na ana muda wa kutafakari hatua inayofuata.

Mfano umerahisishwa. Unaacha nje deni, ambalo ndilo moyo wa duka la kijijini. Mwenye duka hukopesha unga na mafuta kati ya mgao na mgao, kwa hiyo mgao unapokatwa ghafla hapotezi mauzo ya kesho tu, bali na ya jana yaliyomo katika daftari. Bwawa la mafunjo hupokea maji kwanza, kisha likayaachia. Mwenye duka huyaachia kwanza, akitumaini kwamba mvua itanyesha. Kwa upande huo, vikundi vya kuweka na kukopa, au likelemba kama Wakongo wanavyouita mchezo wa kupokezana fedha, vinafanana zaidi na bwawa. Navyo pia vina udhaifu uliokwisha kutajwa: kikundi cha majirani ishirini wenye chanzo kimoja cha fedha hukauka siku moja. Kikundi chenye mkulima, mwalimu, mvuvi na mchuuzi huitikia tofauti, ingawa kwa kawaida ni vigumu zaidi kukiunda, maana kuaminiana huanzia kwa watu wa kijiji kimoja na lugha moja.

4.0 Cherehani thelathini

Mwaka 1934 mwanabiolojia wa Kirusi Georgii Gause alionesha, kwa viumbe vya seli moja vilivyofugwa katika chupa, kwamba spishi mbili zinazotegemea chakula kile kile kwa namna ile ile haziwezi kukaa pamoja kwa muda mrefu. Moja huishinda nyingine. Kila anayefadhili mafunzo ya ufundi angefaa kuikumbuka chupa hiyo. Mradi unapohitimisha mafundi cherehani thelathini na kumpa kila mmoja cherehani ya aina moja, katika kanda moja, mwezi mmoja, haujaanzisha biashara thelathini. Umeanzisha shindano ambalo bei ya kushona gauni hushuka hadi wachache wabaki, na cherehani nyingine huuzwa Mbarara. Taarifa ya mradi itasema waliohitimu ni thelathini.

Hoja si kwamba ushonaji ni kazi mbaya. Katika maumbile washindani wengi hupona kwa kugawana nafasi: ndege wa mti mmoja hula katika matawi tofauti, au kwa saa tofauti. Fundi mmoja hushona sare za shule, mwingine hurekebisha mitumba, mwingine hushona kitenge cha harusi kwa mtindo wa Bukavu ambao wateja wa Mbarara pia wanaupenda. Mgawanyo huo hutokea wenyewe, lakini huchukua muda, na gharama yake huwaangukia walioshindwa. Mshauri wa sera anaweza kuifupisha njia kwa jambo dogo sana: kuhesabu waliopo kabla ya kufundisha wapya, na kutoa vifaa kwa awamu badala ya siku moja.

5.0 Kufaidiana, na uwezo wa kukataa

Maneno kama “kuunganisha wazalishaji na soko” hupendwa mno katika maandiko ya miradi, na mara nyingi husindikizwa na mfano wa maharage na bakteria wa mizizini. Bakteria huyageuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea; mmea huwalipa sukari. Kila upande unafaidi. Mfano huu ni sahihi, ila husimuliwa nusu.

Nusu nyingine ilichunguzwa na Toby Kiers na wenzake katika maharage ya soya na kuchapishwa mwaka 2003. Walipozizuia baadhi ya bakteria zisitengeneze naitrojeni, mmea uliziadhibu: ulipunguza oksijeni inayofika katika vinundu hivyo, na bakteria hizo zikazaana kwa uchache. Kufaidiana huko hakusimami juu ya wema wala mkataba. Kunasimama juu ya uwezo wa mmoja kumnyima mwenzake pale anapotapeliwa. Ukiuondoa uwezo huo, hakuna kinachomzuia mshirika kugeuka kupe.

Tukirudi Rubondo, mkulima anayeuza mahindi wakati wa mavuno ana uwezo gani wa kunyima? Shamba lake ni dogo. Wanaofika sasa hupewa kipande kidogo kuliko waliofika miongo iliyopita, kwa sababu ardhi ni ile ile na watu wameongezeka. Hana ghala, na mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu. Mizani ni ya mnunuzi. Ada ya shule inadaiwa wiki hiyo. Mfanyabiashara anayefika na lori kutoka Mbarara anaweza kuahirisha hadi juma lijalo, mkulima hawezi. Mnunuzi huyo si mtu mbaya, naye ana mafuta ya gari ya kulipia na barabara ya vumbi ya kupita, lakini mizani ya uhusiano imelalia upande mmoja.

Kwa hiyo mradi unaowakutanisha wakulima na wanunuzi katika ukumbi wa mkutano, ukawapiga picha na kuondoka, umeiga nusu ya kwanza ya maharage. Nusu ya pili ingehitaji vitu vya kawaida kabisa: ghala la pamoja lenye sakafu kavu, mizani iliyokaguliwa ambayo si mali ya mnunuzi, maturubai ya kuanikia, taarifa ya bei za Mbarara kwa simu, na mkopo mdogo unaoruhusu gunia kusubiri wiki sita. Kila kimoja kati ya hivi humpa mkulima uwezo wa kusema hapana. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo ikolojia inapolipa zaidi katika mjadala huu, maana inatuonesha kwamba ushirikiano bila uwezo wa kujitoa ni jina zuri la utegemezi.

6.0 Mipaka ya mlinganisho

Ziwa Viktoria linatupa funzo la upande mwingine. Sangara alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 ili kuinua uvuvi. Miongo mitatu baadaye tani za samaki ziliongezeka, viwanda vya minofu vikajengwa, na spishi nyingi za furu, pengine mamia, zikatoweka au kubaki chache mno. Ukiuliza kama mkakati ulifanikiwa, jibu litategemea unamuuliza mwenye kiwanda au mwanamke aliyekuwa akikausha furu na kuwauza sokoni. Asili yenyewe haina jibu, kwa kuwa haijui kufanikiwa wala kushindwa.

Hapa pana hatari ambayo haina budi kusemwa wazi mbele ya washauri wa sera. Lugha ya ustahimilivu na kujitegemea imeenea katika nyaraka za misaada katika miaka ile ile ambayo bajeti zimepungua. Ni rahisi kuteleza kutoka “mfumo hujirekebisha baada ya mshtuko” hadi “tuache mshtuko ufanye kazi yake.” Katika uwanda wa nyasi, mche unaokufa kwa kiangazi unarutubisha udongo. Duka linalokufa Rubondo linaacha deni, mtoto aliyetolewa shule na mlo mmoja kwa siku. Dhana ya Holling inapima kudumu kwa mfumo. Haipimi nani ameumia ili mfumo udumu. Anayeichukua dhana hiyo katika sera ya wakimbizi hana budi kuleta kipimo kingine pembeni yake, nacho hakitatoka katika ikolojia.

Tofauti nyingine ni kwamba mmea hauwezi kuibadili sheria ya mvua. Mvua ya Rubondo, ile ya fedha, hupangwa na watu katika vikao vya Kampala, Roma na miji mikuu ya wafadhili. Kwa hiyo sehemu ya mkakati wa biashara ni kudai taarifa. Punguzo lililotangazwa miezi sita kabla humwezesha mwenye duka kukusanya madeni, kupunguza mkopo na kuhamisha mtaji. Punguzo lile lile likitangazwa wiki mbili kabla humkuta daftari limejaa. Kiasi cha fedha kilichookolewa na mfadhili ni kimoja. Idadi ya maduka yanayofungwa si moja.

7.0 Kuhusu kipimo

Iwapo hoja ya sehemu ya tatu inakubalika, basi fomu za tathmini zinahitaji swali ambalo kwa kawaida hazinalo. Badala ya kuuliza tu “unafanya biashara gani?” ziulize “wateja wako hupata wapi fedha wanazokulipa?” Swali hili ni jepesi kwa Kiswahili, lugha ambayo Wakongo na Warundi wengi wa Rubondo hufanyia biashara, na ambayo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Hata hivyo fomu nyingi bado huandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa papo hapo na mkalimani, na katika tafsiri hiyo “chanzo cha mapato” huishia kuwa jina la kazi.

Jibu lenyewe, kwa sehemu kubwa, limekwisha andikwa. Limo katika daftari la madeni lililo chini ya kaunta: nani alikopa, kiasi gani, alilipa siku gani. Tarehe za malipo zikipangwa mstarini huonesha mara moja kama duka linaishi kwa mgao, kwa mavuno au kwa mishahara. Mtafiti anaweza kulisoma pamoja na mwenye duka kwa alasiri moja, na mwenye duka akaondoka na ramani ya mizizi yake mwenyewe hata kama mtafiti hatarudi tena. Isipokuwa daftari hilo lina majina ya majirani na aibu zao, hivyo halifai kupigwa picha wala kubebwa. Zinakiliwe tarehe na viwango tu, na mwenye duka ndiye awe anafunua kurasa.